Ardhi Hutangulia Sauti

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, alilipua mawe katika yale machimbo ya juu kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote, na ukimtazama unaamini. Juu ya jicho la kulia ana kovu lililoigawa nyusi mara mbili. Sikio la kushoto halisikii hata ukilipigia filimbi. Kidole kimoja hakikunjiki. Anayemwona kwa mara ya kwanza hudhani aliwahi kupata ajali ya gari. Gari halijawahi kumgusa. Kovu alipewa na mwalimu wake, sikio alipewa na muuza nyama, na kidole, kwa maneno yake mwenyewe, alijipa kwa kufunga mlango huku akigombana na mtu.

Alizaliwa na kukulia chini ya mlima ule, kwenye vyumba vya mabati walivyojengewa wagonga kokoto. Bibi alikuwa mmoja wao. Alikaa juu ya tairi kuukuu tangu asubuhi, nyundo mkononi, kitambaa kimefungwa puani, akivunja mawe makubwa kuwa madogo, na watoto wake walijifunza kutambaa katika vumbi hilo. Mama yangu anasema walipokuwa wadogo walidhani watu wote duniani huamka wakikohoa.

Kaka yao, mjomba wangu ambaye sikubahatika kumwona, alipata kazi ya kumsaidia mlipuaji. Alibeba baruti mpaka kwenye mashimo yaliyotobolewa katika mwamba, akashindilia udongo juu yake kwa mti mrefu, kisha akakimbia na wenzake kujificha. Siku aliyokufa alikimbia vizuri tu, akajikunyata nyuma ya lori bovu. Mlipuko ukatoka. Ardhi ikampiga nyayo, kishindo kikapita, kikagonga mlima wa ng'ambo na kurudi. Akadhani yamekwisha. Akasimama kuchungulia. Jiwe la ukubwa wa birika lilikuwa bado lipo hewani, likashuka na kumpasua kifua.

Mama mkubwa alikuwa msichana mkubwa wakati huo, amekaa na bibi kwenye rundo lao. Walimwona akisimama, wakamwona akitupwa. Walifika kabla ya wanaume. Bibi alijaribu kuziba tundu kwa kile kitambaa cha puani, na damu ikawa inapita kati ya vidole vyake kila mtoto wake alipojaribu kuvuta pumzi, mpaka ikaacha.

Baada ya mazishi bibi hakuweza kushika nyundo kwa muda. Mama mkubwa ndiye aliyepanda mlimani kumtafuta mlipuaji mkuu. Huyo walimwita Mkono Mmoja, kwa sababu ujanani fataki, kile kikopo kidogo cha kuwashia baruti, ilimlipukia kiganjani ikaondoka na mkono wa kushoto mpaka kwenye kifundo. Alikuwa mtu wa hasira za karibu. Msichana akasimama mbele yake na kumuuliza jambo moja: kama kishindo kilikuwa kimeshapita, jiwe lilikuwa wapi muda wote huo? Mkono Mmoja akamtupia kiatu. Alipoona msichana amekiokota, amekirudisha miguuni pake, na bado amesimama anasubiri jibu, akamwambia nafasi ya msaidizi iko wazi, na kwamba majibu hutolewa kwa wafanyakazi tu.

Bibi alilia, majirani wakasema binti amechanganyikiwa. Akaenda.

Mkono Mmoja alifundisha kwa kipigo. Ukifunga waya vibaya, kofi. Ukiangusha boksi la fataki, teke, na hapo alikuwa na haki kidogo, maana boksi lile lingeweza kuwamaliza wote. Siku moja mama mkubwa alisahau kuunganisha ncha mbili za waya kama alivyoagizwa, na jamaa akamrushia gurudumu la kukunjia waya, likampasua nyusi. Damu ikamwingia jichoni. Akaifuta kwa mkono, akachukua ule mti wa kushindilia, akamchoma nao mbavuni kwa nguvu zake zote, na alipoinama akamteremshia pigo jingine la mgongo. Waliokuwa wakitoboa mashimo wakazima mashine. Mkono Mmoja akakaa chini akitafuta pumzi, uso umekuwa wa majivu. Kila mtu alisubiri amuue.

"Kesho uje mapema," akamwambia alipoweza kusema. "Nitakufundisha kwa mdomo."

Na kweli alifundisha kwa mdomo. Asubuhi alimvusha bonde, akampandisha kwenye mwamba wa upande wa pili, mbali na ukuta wa mawe uliokuwa umetegwa, akamwamuru avue viatu. Kule ng'ambo mwenzao akabonyeza.

"Umepata nini kwanza?"

"Nimeona mwako."

"Kisha?"

"Nyayo zimeshtuka."

"Kisha?"

"Kishindo. Kimechelewa sana."

"Vyote vimetoka pamoja, mahali pamoja. Sasa niambie kilichovitenganisha njiani."

Mkono Mmoja akamfafanulia kwa mfano alioujua vizuri, yaani foleni ya maji. Akamwambia afikirie pale bombani siku maji yamekatika na kurudi, watu wamebanana tumbo kwa mgongo. Wa nyuma akisukuma, wa mbele kabisa anamwaga ndoo yake papo hapo, na hakuna aliyetoka mahali pake. Kilichosafiri ni msukumo. Hilo ndilo wimbi. Mwamba ni foleni iliyobanana. Hewa ni foleni ya watu walioachiana nafasi, kila mmoja hupepesuka kwanza ndipo amguse mwenzake, kwa hiyo msukumo unachelewa kufika. Mwanga nao ni wimbi, alisema, lakini hauna foleni kabisa. Haumhitaji mtu yeyote wa kuupokezana, hupita hata mahali patupu, ndiyo maana jua linatufikia, na hakuna kinachoushinda mbio.

Kisha akasema lile ambalo msichana alilipandia mlima.

"Hayo matatu ni habari. Habari inapita, watu wanabaki mahali pao. Jiwe si habari. Jiwe ni mgeni mwenyewe, anakuja kwa miguu yake. Kaka yako alipokea habari zote tatu, akadhani na mgeni ameshapita."

Mama mkubwa alikaa chini pale pale akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mkono Mmoja akamgeuzia mgongo mpaka alipomaliza, kisha wakateremka kwenda kukagua mashimo.

Miaka ikaenda. Akapata kibali chake mwenyewe cha ulipuaji. Mkono Mmoja alikufa kitandani kwake, usingizini, jambo lililomshangaza kila mtu na bila shaka yeye mwenyewe. Mama mkubwa aliolewa na dereva wa lori, wakaishi, wakashindwana, dereva akaondoka na lori. Yeye akabaki na mlima.

Alikuwa hodari. Nasema hivyo mapema ili yatakayofuata yasikufanye umdhanie mzembe. Hakulipua mashimo yote kwa pamoja kama walivyofanya zamani, maana mitetemo ikitoka pamoja hupandana, kilele juu ya kilele, ikawa mmoja mkubwa wa kuvunja vitu. Alitumia fataki za kuchelewa. Mstari wa kwanza unalipuka, kinapita kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, unalipuka wa pili, kitambo kile kile, wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho, na ukuta mzima wa mwamba unalala chini kama ng'ombe anayepiga magoti. Kile kitambo alikirithi kwa Mkono Mmoja na hakukigusa hata siku moja. Na kila mara alivua viatu akasikiliza kwa nyayo. Zikitulia, anajua kazi imekuwa safi.

Shida ilikuwa bondeni. Chini ya machimbo palikuwa na bwawa la zamani. Watu walilitupia taka na kifusi mpaka likafukiwa, na mji ulipojaa wakajenga juu yake. Mmoja wa waliojenga alikuwa muuza nyama, mtu mpana wa mabega, mpole wa sauti, ambaye wateja walimpenda kwa sababu hakuwapunja mizani. Alisimamisha nyumba ya matofali na ukuta mrefu wa uani usio na nguzo, akamleta mama yake kuishi naye. Machimbo yalipohamia upande ule wa mlima, akaanza kupanda juu kulalamika. Sahani zinaanguka kabatini. Mlango wa choo haufungi tena. Mama yake siku hizi analala na viatu ili akurupuke haraka.

Mama mkubwa alimjibu kwa adabu. Alimweleza kwamba baruti anayotumia ni ndogo kuliko ya zamani, na kwamba yeye husimama karibu kuliko wao wote na hapati kitu cha kumtisha. Muuza nyama akashuka, akapanda tena. Safari ya mwisho alikuja moja kwa moja kutoka kazini, aproni imelowa damu.

"Nimeambiwa unasikiliza kwa miguu," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Miguu yako inakuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Hapa ni mwamba. Njoo usimame kwangu, dada. Siku moja tu."

"Nikija kwako, nani atabonyeza?"

Wachimbaji wakacheka. Mama mkubwa naye akacheka, si kwa ubaya, alisema baadaye, bali kwa sababu wenzake wamecheka na jua lilikuwa kali na alitaka kumaliza kazi. Muuza nyama aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akateremka, na waliopishana naye njiani wanasema alikuwa akijisemea peke yake.

Mvua zikanyesha mfululizo, kazi ikasimama. Zilipokatika msimamizi akataka mlipuko mkubwa wa kuziba pengo, wenye mistari mingi kuliko kawaida. Mama mkubwa akatega, akapiga king'ora, akavua viatu, akabonyeza. Mwamba ulilala vizuri kuliko siku zote. Nyayo zikatulia. Akavaa kiatu kimoja, na alipoinua kichwa kutafuta cha pili akaona vumbi mahali pasipo pake. Lilikuwa chini, bondeni, jekundu la matofali, likipanda kutoka katikati ya paa za watu. Lilipanda kimya kabisa. Vilio vilikuja baadaye, vikiukwea mlima polepole, na vilipomfikia alikuwa ameshaelewa.

Ukuta wa uani wa muuza nyama ulikuwa umelala wote kwa mpigo mmoja juu ya mama yake, aliyetoka kuanika nguo. Walipoinua matofali ya kwanza waliona mkono, bado umeshika kibanio. Muuza nyama alimfukua mwenyewe. Hakutaka sepetu wala koleo, asije akamuumiza. Alichimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka, na alipoufikia uso alikuta hauna tena umbo la kumwita mama.

Ndipo bonde zima likapanda mlima.

Mlinzi wa lango alikimbia alipowaona. Msimamizi alikuwa ameshawasha gari. Wachimbaji wakaruka ua wa nyuma. Mama mkubwa naye angeweza kuruka, ila wale watu walikuja na moto. Wakachoma ofisi. Wakachoma kibanda cha vifaa, matairi yakashika, moshi mweusi ukafunika jua, na hatua chache nyuma ya kibanda hicho palikuwa na ghala la baruti. Akaenda akasimama mbele ya mlango wake, mikono imetanuka, akawaambia wachome chochote wanachotaka isipokuwa hapo, maana hapo pakiwaka hatabaki wa kumzika mwenzake.

Wakamwelewa. Moto hawakuusogeza. Wakamgeukia yeye.

Jiwe la kwanza lilimpata begani, la pili mdomoni, akatema jino. Wanawake aliosimama nao bombani miaka yote walimvuta nywele mpaka chini wakamkanyaga. Mtu akamteremshia nondo ubavuni, akausikia ubavu ukikatika, na sauti hiyo, anasema, haikupita hewani, ilipanda ndani kwa ndani ya mifupa mpaka kwenye fuvu, kubwa kuliko mlipuko wowote aliowahi kuufyatua. Akajaribu kuinuka kwa magoti. Watu wakaachia njia, muuza nyama akaingia. Alikuwa mwekundu wa vumbi la matofali mpaka kwenye kope, na mkononi ana lile shoka lake fupi la kukatia mifupa.

"Ulicheka," alimwambia.

Akampiga kwa ubapa. Wapo wanaosema alikosea kwa hasira, wapo wanaosema aligeuza makali makusudi. Mwenyewe hajasema. Ubapa ulimpata sikioni, na upande ule wa dunia ukazimika. Akaliinua tena, na safari hii makali yalielekea chini. Mkewe akamrukia mkononi, wakaanguka wote watatu juu ya kokoto. Polisi walifika wakipiga risasi juu, kisha si juu. Mwashi mmoja wa bondeni alipigwa paja, akaburutwa na wenzake huku akiacha mstari mrefu wa damu kwenye vumbi jeupe. Walipomfikia muuza nyama walimkuta amekaa, ametulia, akiangalia vidole vyake visivyo na kucha kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoziacha.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaanza kazi ya ushonaji. Niliacha cherehani nikahamia wodini kumuuguza. Uso ulikuwa umevimba kiasi kwamba siku ya kwanza nilimtambua kwa miguu. Polisi akaja kuchukua maelezo, akasimama upande wa sikio bovu, akauliza, akauliza tena, akaanza kukasirika, mpaka nikamvuta mkono nikamhamisha.

"Andika kwamba alinipiga," mama mkubwa alimwambia, maneno yakipita kwa shida kwenye midomo iliyoshonwa. "Halafu andika kwamba nilimuulia mama yake. Usiandike moja ukaacha jingine."

Polisi akasema hilo la pili ni ajali ya kazini, halihusiani na kesi. Mama mkubwa akageuza uso ukutani. Alikaa hivyo, hajibu, hatii sahihi, mpaka yule afande akapumua kwa nguvu na kuandika yote mawili.

Machimbo yalifungwa, na serikali ikamtuma mpimaji wa mitetemo, mama wa makamo, mnene, mwenye mabuti ya matope na mzaha usiokwisha. Vifaa vyake vilikuwa visanduku vyenye miiba ya kuchomeka ardhini. Alitaka ulipuliwe mlipuko mdogo wa majaribio, kwa kitambo kile kile, kisanduku kimoja kikiwa mwambani na kingine kwenye uwanja wa muuza nyama. Mama mkubwa, aliyekuwa bado anatembelea fimbo na mbavu zimefungwa bandeji, akasema kubonyeza abonyeze mwingine. Yeye atasimama bondeni.

Mama yangu alimsihi kwa machozi. Alimwambia safari hii watammaliza, na hapatakuwa na mtu wa kumrukia yeyote mkononi.

"Niliitwa nikakataa," mama mkubwa alisema. "Sasa naenda."

Tulikwenda wawili, nimemshika kwapa. Tulipoingia mtaani jiwe lilimpata mgongoni. Akayumba, hakugeuka, na kusema kweli asingejua ageukie wapi, maana sikio moja halikuambii sauti imetokea upande gani. Mimi niligeuka. Aliyerusha alikuwa mwanamke mtu mzima amebeba mtoto ubavuni. Alinitazama bila haya, na mkononi alikuwa na jiwe jingine ambalo hakulirusha.

Mke wa muuza nyama alikuwa uani, pale ukuta uliposimama zamani. Kando yake palikuwa na ndoo ya maji. Hakutusalimu. Mpimaji akachomeka kisanduku chake, mama mkubwa akavua viatu, akaweka nyayo kwenye udongo. King'ora kikalia kule juu.

Kwanza ulikuja mguso mdogo, kama mtu anayegonga kwa kidole chini ya sakafu. Huo ni mtetemo wa mbio, ule unaosukuma mbele na nyuma. Nyuma yake ukaja wa pili, wa taratibu, unaoyumbisha ubavuni, na huo ndio wenye mabaya. Mwambani huyumbisha mara moja ukaenda zake. Pale haukuenda. Ardhi iliyumba, ikarudi, na iliporudi ikakutana na mstari wa pili, ikayumba zaidi, ikarudi, ikakutana na wa tatu. Nilimkumbatia mama mkubwa nikidhani nitamzuia, kumbe mimi mwenyewe nilikuwa naelea. Maji yalipanda ukingo wa ndoo yakamwagika. Mabati yakapiga kelele, rundo la matofali likaporomoka upya. Mama mkubwa akaanguka kwa magoti, akaishika ardhi kwa viganja, na mbavu zikamtoa ukelele. Ndipo kishindo kikafika kutoka mlimani, chembamba, kimechelewa, kama mtu anayebisha hodi wakati nyumba imeshaungua.

Na huo ulikuwa mlipuko mdogo.

Mke wa muuza nyama akaja akachuchumaa mbele yake, upande wa sikio zima.

"Nakuuliza neno moja, usinidanganye. Mama aliusikia?"

"Hakuusikia."

"Unajuaje?"

"Ardhi inatangulia. Sauti ilipofika hapa, ukuta ulikuwa umeshalala."

Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anayemeza kidonge kikubwa. Halafu akamzaba mama mkubwa kofi, si la nguvu sana, akainua ndoo yake akaingia ndani.

Mpimaji alijifanya hakuona. Alitandaza karatasi mbili juu ya magoti yake, akatuonyesha. Ya mwambani ilikuwa na michirizi mifupi inayokufa upesi. Ya bondeni ilikuwa na michirizi inayokua, kila mmoja mrefu kuliko uliotangulia. Akauliza nani alipanga kile kitambo.

"Mimi," mama mkubwa alisema.

Mpimaji akamwambia kwamba kwa mwamba kilikuwa sawa kabisa. Lakini kila kitu kinachoweza kuyumba kina mwendo wake kinaoupenda, na lile tope la bwawa lililolowa, lililokaa ndani ya jiwe kama maji katika beseni, lilipenda mwendo unaolingana na kitambo chake. Ukimsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi, huhitaji nguvu, mtoto anapaa. Ile mistari mingi ilikuwa misukumo mingi, kila mmoja kwa wakati wake barabara. Baruti ilikuwa ndogo na kazi ilikuwa safi, na usafi wenyewe ndio ulioua.

Mama mkubwa aliuliza kama aliyemfundisha angeweza kulijua hilo. Mpimaji akafikiri. Akasema labda, lakini wakati wa huyo mtu bondeni walikuwa wakiishi vyura tu, na vyura hawajengi ukuta.

Muuza nyama alihukumiwa, akatumikia kifungo, akarudi amekonda, bucha lake likiwa limesimamiwa na mkewe. Machimbo yalifunguliwa kwa masharti. Mistari ikapunguzwa, na vitambo vikapangwa visilingane, kimoja kirefu, kingine kifupi, ili bembea isipate mtu wa kuisukuma kwa wakati wake. Wenye kuta ndefu walilazimishwa kuzitia nguzo. Na wakazi wakapewa haki ya kumweka mtu wao mwenye bendera nyekundu bondeni, mahali panapoonekana kutoka juu. Bendera ikiwa imeinuliwa, hakuna kulipua, hata kama kila kitu kiko tayari. Wakazi wakafanya mkutano. Wakamchagua muuza nyama.

Siku ya kwanza nilikuwepo, nimembebea mama mkubwa maji. Aliruhusiwa kurudi kazini kwa sababu hapakuwa na mlipuaji mwingine aliyeyajua mashimo yale, na pia kwa sababu mpimaji alimwandikia barua ya kumuunga mkono. Mashimo yalikuwa tayari. King'ora kikalia. Chini bondeni watu wote wametoka majumbani wakahamia uwanja wa wazi, na juu ya mnara wa tangi la maji amesimama muuza nyama, bendera juu.

Tukasubiri aishushe. Hakuishusha.

Mwanzoni tulidhani ameona kitu, mtoto aliyepotea, mgonjwa asiyeweza kutoka. Tukaangalia. Barabara ilikuwa tupu, uani hamna mtu. Jua likapanda. Wachimbaji wakaanza kunung'unika, kisha kutukana. Msimamizi mpya, kijana mwenye shati safi, akasema yule bwana anawachezea tu, hana sababu yoyote, na akamwamuru mama mkubwa abonyeze. Mama mkubwa akasema hapana. Msimamizi akanyoosha mkono abonyeze mwenyewe. Mama mkubwa akaudaka ule mkono, akaukunja kwa nyuma mpaka shati safi likagusa vumbi na mwenye shati akaomba radhi kwa sauti ya juu. Akamwachia, akarudi mahali pake, akanyoosha mgongo.

"Anajua ninachosubiri," aliniambia. "Mwache. Aliponiomba yeye, nilicheka."

Walisimama hivyo wawili, mmoja juu ya mlima na mwingine juu ya tangi, wakitazamana kupitia bonde zima. Jasho lilimtiririka mama mkubwa mpaka kwenye kidevu, hakulifuta. Nilimpa maji akakataa. Kule chini mkono wa muuza nyama nao lazima ulikuwa unaungua kwa uchovu, lakini bendera haikutikisika.

Kivuli cha kibanda kipya kilikuwa kimeshageuka upande wa pili alipoishusha, taratibu, kama mtu anayetua mzigo. Mama mkubwa akabonyeza.

Walifanya kazi pamoja hivyo mpaka mama mkubwa alipostaafu. Hawakuwahi kusalimiana, na haikutokea hata siku moja akaishusha bendera mapema.